Jicho la Fundi na Mita Tatu za Kitambaa Cheupe

Mtaa mzima haukuwa na fundi wa nguo aliyemfikia Bi Jicho. Alikuwa peke yake. Yule mwingine aliyekaa pale kibarazani alikuwa anashona viatu.

Lakini hata wangekuwa mia, jina lake lisingefunikwa, kwa sababu Bi Jicho hakupima mtu kwa tepu. Tepu aliivaa shingoni kama mkufu. Mteja akiingia aliambiwa, “Simama hapo. Geuka. Haya, kaa,” na kabla hajakaa vizuri, vipimo vyake vyote vilikuwa vimeshaandikwa kwenye kipande cha boksi. Miaka thelathini na nane, na nguo alizorudishiwa ungezihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, ukiacha ile suruali ya mwalimu mkuu, ambayo hatuizungumzii hapa.

Jicho hilo lilikuwa na rafiki yake, ulimi. Hakuna mteja aliyetoka pale bila kusindikizwa na neno. Si mbele yake, hapana, Bi Jicho alikuwa na adabu zake. Alingoja mtu apotelee kwenye kona, ndipo amtupie mshona viatu kichekesho kupitia dirishani, naye mshona viatu acheke mpaka misumari imdondoke midomoni.

Jumatatu moja alikuja binti muuguzi na mita tatu za kitambaa cheupe. Ijumaa ya wiki hiyo hiyo alikuwa anaapishwa pamoja na wenzake, na chuo kilitaka kila mmoja ashonewe gauni jeupe la kumkaa, si la kuazima kwa dada. Alimkuta Bi Jicho anamkabidhi nguo mama mmoja mwembamba, akakaa kwenye benchi, kando ya pazia la kubadilishia, akangoja zamu yake.

Mama mwembamba akaaga, akaenda zake. Bi Jicho akamsindikiza kwa macho hadi konani.

“Huyu,” akamwambia mshona viatu, “siku ya upepo itabidi atembee na mawe mifukoni.”

“Na mifuko yenyewe utaishonea wapi?” mshona viatu akajibu. “Hakuna mahali.”

Wakacheka. Binti naye akacheka kidogo, kisha akaliachia pazia ambalo alikuwa ameshaanza kulivuta.

“Haya, mjukuu wangu, simama hapo. Geuka.” Bi Jicho akamtazama mara moja, akaandika. “Wewe hukunyimwa. Kitambaa kinapenda mwili kama huu, kinapata pa kukaa.”

“Asante, bibi,” binti akasema, akijifuta jasho shingoni.

Jumatano akaja kujaribu. Akaingia nyuma ya pazia, akakaa huko muda mrefu kuliko inavyomchukua mtu kuvaa gauni. Alipotoka, gauni lilitangulia, yeye akafuata. Mabega yalimteleza. Kiunoni pangeingia mtu wa pili na mkoba wake.

Mshona viatu akachungulia dirishani. “Bi Jicho, leo umeshona turubai.”

Bi Jicho hakucheka. Alikichukua kile kipande cha boksi, akakisoma, akakisogeza mbali, akakisoma tena. Namba zilikuwa zake, na mkasi ulikuwa umezifuata. Ndiyo hivyo basi, akawaza. Jicho limechoka. Mwezi ujao nitakuwa nashona mapazia, maana mapazia hayana makalio.

“Umeumwa tangu juzi?”

“Hapana, bibi.”

“Umefiwa?”

“Hapana.”

Bi Jicho akaenda nyuma ya pazia kuchukua kopo la pini, kopo likamponyoka. Bi Jicho hakuwa mtu wa kuinama. Alikuwa na sumaku aliyoifunga kwenye kamba, ya kuburuza sakafuni pini zikimwagika. Mgongo, ndivyo alivyowaambia watu. Basi akawa anaburuza sumaku yake, mara macho yakatua kwenye kigoda. Juu yake palikuwa na taiti tatu, shimizi mbili na sketi nzito ya baridi, zote bado zina joto la mwili. Na nje jua lilikuwa linachoma mabati.

“Mjukuu wangu. Hivi vyote ni vya nani?”

“Vyangu.”

“Vya wiki nzima?”

Binti akatazama vidole vyake vya miguu. “Vya kila siku.”

Kisha akasema, kwa sauti ndogo ili isifike kibarazani. Chuoni walimwita Sindano, kwa wembamba wake. Tangu mwaka wa kwanza alijazia kwa nguo, moja juu ya nyingine, mpaka waliomjua baadaye wakadhani ndivyo alivyoumbwa. Lakini gauni jeupe linaonyesha kila kitu cha ndani, halikubali kujaziwa. “Jumatatu nilikuja nimekata shauri, bibi. Nilitaka kuzivua zote, unipime nilivyo. Nimeshalishika pazia, ndipo ukasema yale ya mawe.”

Bi Jicho akanyoosha mkono kuchukua mkasi.

“Usilipunguze,” binti akaendelea. “Nitawaambia naumwa. Niapishwe pamoja na kundi lijalo, ni miezi sita tu. Labda mpaka wakati huo nitakuwa nimenenepa.”

“Umenenepa kiasi gani miaka mitatu hii?”

“Hata kidogo.”

Bi Jicho akaitoa tepu shingoni. Ilikuwa imejikunja kwa kukaa muda mrefu bila kazi, ikabidi ainyooshe pembeni mwa meza. Akampima binti bega, kifua, kiuno, nyonga, akazitaja namba kama zilivyokuwa, moja baada ya nyingine, bila kuongeza neno.

“Mbona kimya huko ndani?” mshona viatu akauliza.

“Watu wanafanya kazi. Nawe gonga kiatu chako.”

Akakaa kwenye cherehani. Kwa nusu saa nzima sindano ilipanda na kushuka, na binti alikaa kwenye benchi amevaa blauzi yake na taiti moja tu. Bi Jicho akasema bila kuinua macho, “Mwaka ule wa mwisho wa masomo, mgonjwa yeyote amewahi kukuuliza una kiuno cha ngapi?”

“Hapana.” Binti akafikiri. “Wanauliza kama mimi ndiye yule anayepata mshipa mara moja. Watoto hawalii nikiwachoma.”

“Basi. Hata mimi nitazame. Wanangu sita wamelala kwenye tumbo hili, na lilipotoka nje likabaki nje. Sijalifunga, sijalibana, sijalificha hata siku moja. Naliacha linapumua.”

Binti akamtazama. Kwa kweli tumbo halikuonekana kubwa kiasi hicho, lakini alikuwa na heshima, hakusema. “Hata siku moja, bibi?”

“Nimekudanganya lini mimi?”

Alipolivaa tena gauni, alisimama mbele ya kioo. Akainua mikono kama anayemgeuza mgonjwa kitandani. Akainama, akanyooka. Gauni lilikwenda naye kila alipokwenda.

“Naweza kufanya kazi humu,” akasema, kama aliyeokota kitu. Taiti mbili, shimizi zote mbili na sketi akazifunga kwenye mfuko, akaziacha pale pale.

Ijumaa mchana Bi Jicho alikuwa na mteja mlangoni, baba mmoja mwenye kitambi cha kutosha vichekesho vitatu. Ulimi ukamwasha. Mshona viatu akatoa misumari midomoni kabisa, tayari kwa kucheka. Bi Jicho akaivuta tepu, akampima, akamwambia aje Jumanne.

“Unaumwa?” mshona viatu akauliza.

Kabla hajajibu, gauni jeupe likaingia mbio. Lilikuwa limekaa barabara, na aliyelivaa alikuwa na beji mpya kifuani. “Nimeapa, bibi. Nilikuwa mstari wa mbele.” Akamkumbatia Bi Jicho kwa mikono miwili, akamkaza.

Ndani ya gauni la bibi kitu kikalia, ka, ka, ka, kama mtu anayevunja vijiti.

Mikono ya binti ikatulia mgongoni mwa bibi. Vidole vikashuka taratibu, kwa utaalamu, vikahesabu.

“Bibi, hizi ni nini?”

“Mbavu,” Bi Jicho akasema haraka.

Mshona viatu akachomoza kichwa dirishani.

“Mbavu nimesomea miaka mitatu, bibi,” binti akasema, bado amemkumbatia. “Hazina kulabu.”