Dengu Zilizomfuata Nassif

Siku ya Mtakatifu Barbara, tarehe nne Desemba, Matilda alitandaza pamba kwenye visahani sita, akailowesha kwa kijiko, kisha akawaita watoto waje kupanda. Maribel, mwenye miaka sita, alipewa ngano. Elio, wa miaka mitatu, alipewa dengu, akazila nusu. Walikuwa watoto wa Wakim, mdogo wake Matilda, aliyekaa kilomita nne chini ya kijiji. Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka: mbegu huota juu ya pamba, na ifikapo Noeli miche huwa imefika kimo cha shubiri, ikapangwa mbele ya pango la Mtoto Yesu kuwa konde la Bethlehemu.

Kwa majuma mawili na ushei miche ilikua vizuri, ikiegemea dirishani kama miche yoyote. Tarehe ishirini na tatu, kaka yao mkubwa Nassif alipofika kutoka Beirut na binti yake Tala, miche iligeuka. Nassif alipoketi karibu na jiko la mafuta, ikalala upande wa jiko. Alipokwenda kunawa mikono, ikaelekea bafuni na kumngoja.

"Shangazi, dengu zinamtazama baba mkubwa," alisema Maribel.

"Naziona. Usizishikeshike, zitavunjika shingo."

Matilda hakuuliza sababu. Alikuwa na dhana yake tangu arobaini ya baba yao. Mzee Asaad alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba nyumba isiuzwe maadamu Matilda yu hai, kwa kuwa ndiye aliyebaki kumgeuza kitandani miaka tisa. Chini akabonyeza dole gumba. Karatasi ilikaa kwenye kopo la biskuti nyuma ya sanamu ya Bikira Maria. Siku ya arobaini ndugu walikuja, wakala, wakalia, wakaondoka. Kesho yake kopo lilikuwa na vifungo na uzi tu. Sasa Nassif alisema kuna mtu anataka kuijenga nyumba iwe hoteli, na wapimaji watakuja baada ya mwaka mpya. Bila karatasi Matilda alibaki na maneno, na maneno ya dada asiyeolewa huitwa manung'uniko.

Kwa hiyo siku zile mbili alitazama mikono ya watu. Alimshuku Wakim kwa kula kidogo. Alimshuku Rosine, mke wa Wakim, kwa kuosha vyombo bila kuombwa. Nassif alimshuku kwa kila kitu, pamoja na koti lake, ambalo hakulivua hata mezani.

"Nyumba hii ina baridi ya kaburi," alisema Nassif.

"Ulizaliwa humu uchi, hukulalamika," Matilda akamjibu.

Mkesha wa Noeli, Padri Shukri alipita kubariki nyumba. Akaivalia miche miwani.

"Ni ngano au dengu?"

"Zote, padri," alisema Matilda.

"Ngano hukosea, hufuata harufu ya supu. Dengu hazikosei."

Nassif akacheka. "Ni joto la jiko tu, padri."

"Jiko liko kule, mwanangu," alisema padri. Akamaliza kahawa yake, akafungiwa keki mbili za tende, akaenda nyumba ya pili.

Siku yenyewe walirudi kutoka misani wakakaa mezani. Jiko lilikuwa limewaka tangu asubuhi, kibbe ya nyama na ngano imetoka tanurini, na Nassif, jasho likimtiririka shingoni, hatimaye alivua koti, akalitundika kwenye msumari wa mlangoni. Akaketi kiti cha baba yao.

Miche haikumfuata. Ililala upande wa mlango, yote kwa pamoja, na visahani vikaanza kuteleza taratibu juu ya meza ya pango, vikiwapita kondoo wa udongo na mamajusi. Paka alisogea kuvipisha. Matilda, upawa mkononi, akaelewa kwamba muda wote huo dengu hazikuwa na habari na mtu. Zilikuwa na habari na koti.

Kisahani cha Elio kilifika ukingoni mwa meza. Tala, wa miaka mitano, akakidaka kisianguke. Miche ikamvuta, naye akaenda nayo mpaka kwenye msumari, akatia mkono katika mfuko wa ndani wa koti la baba yake, akatoa karatasi iliyokunjwa.

"Baba, zinataka hii," alisema.

"Isome, Nassif," alisema Matilda. "Isome kwa sauti, na wadogo wasikie."

Nassif alifuta mdomo, akaisoma. Alisoma vizuri, utotoni yeye ndiye aliyekuwa akisoma masomo kanisani. Aliisoma yote, pamoja na ile miaka tisa, pamoja na jina la Matilda mara mbili. Alipomaliza, watoto wakapiga makofi.

"Umesikia, Wakim?"

"Nimesikia, dada."

"Basi sema neno."

Wakim, aliyekuwa ameahidiwa kazi ya kusimamia mgahawa wa hoteli, alikata mkate vipande vinne. "Leo Noeli, dada. Watoto wako hapa."

"Na kesho?"

"Kesho kaka anasafiri."

"Mzee alikuwa mgonjwa alipoandika," alisema Nassif kwa upole. "Tazameni mwandiko, mkono unatetemeka."

"Ulitetemeka, ndiyo. Nilimshikia kiwiko."

"Si mnasikia? Anakiri mwenyewe."

"Kibbe inapoa," alisema Rosine.

Pango lilikuwa na tundu upande wa kushoto, paka alipokuwa amechana karatasi za mifuko ya saruji zilizofanywa miamba. Nassif akaifinyanga barua ile kama baba yao alivyowafundisha wote watatu: ibane ngumini, ihesabie mpaka kumi, ikunjue nusu. Ikatoka mwamba mzuri.

"Nani atanisaidia kuziba pango?"

Watoto wote wakashuka vitini. Maribel alileta uji wa ngano wa kugandishia, Tala brashi, na Elio bakuli la kahawa nzito waliyopakia miamba rangi. Walipaka ndani na nje. Matilda aliweka upawa chini, akanyoosha mkono. Elio akamshika sketi.

"Shangazi, usibomoe nyumba ya mtoto! Atapata baridi."

Mkono ulibaki hewani kidogo. Nassif aliutazama, kwa kuwa alimjua dada yake. Kisha Matilda akautumia mkono huohuo kumfuta Elio kahawa puani. Machungwa yalipoletwa, mwamba ulikuwa umekauka, na juu yake kondoo amesimamishwa. Miche yote ilimlalia kondoo yule.

Kesho yake gari la Beirut lilipoondoka, watoto wa Wakim wakiwa uani, Matilda aliubandua mwamba akaukunjua kwenye mwanga wa dirisha. Kahawa ilikuwa imekula maandishi yote. Lilibaki dole gumba la baba yake, mistari yake ikifanana na nyufa za jiwe. Aliposikia viatu vya watoto ngazini, akaufinyanga tena, akaurudisha mahali pake, na kondoo wake.

Wapimaji walikuja tarehe nne Januari. Walikuwa vijana wenye adabu. Walivua viatu, wakapima sebule, wakaomba ruhusa ya kusogeza visahani, kisha wakavirudisha vikielekea palepale.

Desemba iliyofuata, siku ya Mtakatifu Barbara, Matilda alitandaza pamba kwenye visahani sita, katika chumba cha nyuma nyumbani kwa Wakim, alikopewa kitanda na nusu ya kabati. Elio hakula hata mbegu moja. Alikuwa mkubwa sasa. Siku ya tatu dengu zilichipua zikiwa zimeshainama, zote, kuelekea ukuta usio na dirisha. Nyuma ya ukuta kulikuwa na barabara, na kilomita nne juu yake, hoteli.

"Zinamtazama nani, shangazi?"

"Hazimtazami mtu," alisema Matilda, akiongeza maji kwa kijiko. "Zinatazama kwao."

Wakim alirudi kazini jioni, akasimama mlangoni na fulana yake ya mgahawa. Alizitazama kwa muda. Kisha akalisogeza kabati hatua moja kutoka kwenye ule ukuta, zipate nafasi.