Chuma cha Ndani ya Boksi

Asubuhi ile fundi spika alitoka nyumbani na kipande cha mkate mkononi, maana alichelewa kwa kubishana na binti yake. Ubishi wenyewe ulihusu boksi la konifleksi alilonunua jana yake. Ubavuni liliandikwa kwamba lina madini ya chuma.

"Chuma gani kinatafunwa, baba?" binti aliuliza. Walimwita Kibiriti, kwa wembamba wake na kwa kuwaka upesi. "Wanasema tu hao."

"Chuma hikihiki cha msumari. Jioni nitakitoa kwa sumaku, ukione kwa macho yako." Akaliweka boksi juu ya kabati, akamgeukia mkewe. "Mama Kibiriti, mtu asilifungue mpaka nirudi. Namjua huyu. Atalimaliza, kisha aseme chuma hakikuwemo."

Saa saba mchana simu ikaja kutoka kwenye ukumbi alikokwenda kutengeneza spika. Alikuwa ameanguka kwenye ngazi. Moyo. Walipomfikisha hospitali, yalikuwa yamekwisha.

Watu walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka. Boksi likabaki juu ya kabati. Kila Jumamosi mama alilipangusa vumbi pamoja na redio, akalirudisha palepale, maandishi yakitazama mlango. Mtu akiligusa, mama alisema, "Liache hilo," na sauti yake haikutaka swali la pili. Mwenyewe alijua kwamba jambo lile halina akili. Lakini lile lilikuwa neno la mwisho la mumewe, na kulishika ndiyo kazi pekee aliyobaki akiweza kumfanyia.

Mwezi wa saba alikuja wifi yake, dada wa marehemu, mshonaji mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Alikuwa analeta mapazia. Akanyoosha shingo, akasoma ubavu wa boksi.

"Wifi, kitu hiki mwisho wake Ijumaa. Unamwekea nani, wadudu?"

"Kaka yako alisema lisifunguliwe."

"Kaka yangu alisema pia ataniwekea mota kwenye cherehani. Mwaka wa tatu huu nakanyaga kwa mguu."

Kibiriti alikuwa amesimama mlangoni na sare ya shule. Safari hii hakuwaka. Alisema polepole, "Alisema mpaka arudi, mama. Baba harudi."

Neno hilo halikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba ile. Watu walisema ametangulia, amepumzika, ametutoka. Mama alisimama na kitambaa chake cha vumbi. Wifi mtu naye akapata ghafla la kukagua kwenye pindo la pazia. Kisha mama akapanda juu ya kiti, akalishusha boksi, akachukua kisu.

"Lete sumaku ya baba yako."

Ilikuwa sumaku nyeusi ya spika mbovu, ya mviringo, nene kama mche wa sabuni. Fundi aliitumia kuokotea skrubu zilizoanguka chini ya meza yake. Waliponda konifleksi kwenye kinu, wakaimimina ndani ya beseni la plastiki pamoja na maji ya uvuguvugu, Kibiriti akakoroga kwa sumaku. Dakika tano. Kumi. Wakaitoa: uji mtupu.

"Chuma kimeliwa na panya," alisema shangazi mtu.

Mama aliinamia beseni. Alikuwa amevunja agizo la marehemu, na juu ya hayo anataka kumfanya mwongo mbele ya mwanawe. Akatazama uji ule, akaona vipande vinavyoelea.

"Tumetwanga kivivu," alisema.

Akamimina konifleksi nyingine, akatwanga mwenyewe, bila haraka, mpaka ikawa laini kama poda. Wakakoroga kwa zamu nusu saa nzima.

"Mkono umekufa, wifi."

"Mkono wa mshonaji huo. Koroga."

Waliposuuza sumaku taratibu, ukingoni kilibaki kitu cha kijivu, kama ndevu za siku mbili. Kibiriti alikisogezea kidole. Hakikuwa uji.

"Baba alisema kweli," alisema.

"Ndiye kaka yangu huyo," alijibu shangazi yake, na hakuongeza utani wowote.

Walitaka kukiweka kwenye karatasi, lakini hakikubanduka. Wakikisukuma kwa kidole, kinahamia upande wa pili. Ndipo mama alipokumbuka, akacheka, kicheko cha kwanza tangu msiba. Fundi hakuwahi kuitumia sumaku ile bila kuivisha mfuko wa nailoni. Akitaka skrubu zake, aliichomoa tu sumaku, na skrubu zikadondoka zenyewe. Miaka yote hiyo mkewe alimwona, akadhani anaogopa isichafuke.

Konifleksi iliyobaki waliila kwa maziwa, ikaisha kabla ya Ijumaa. Sumaku inaning'inia kwenye msumari jikoni, na chuma chake. Sasa mama hununua boksi jingine kila mwezi, na hulifungua siku hiyohiyo.