Wa Kumwitikia

"Simamisha!" alisema Dk. Dativa. "Nassibu, mbona unanyamaza kila ukimaliza sentensi? Unamsubiri nani?"

Chumba cha kurekodia kilikuwa kimezibwa magodoro ukutani, na kamera ilimkodolea Nassibu macho bila hata kukohoa. Yeye kakulia kijijini Nyangamara, ambako ukisema neno mwenzio anaitikia "enhe", ndipo unaendelea. Asipoitikia, ujue amechukia au amelala.

Chuo kilikuwa kinajiandaa kuwafundisha wanafunzi wa uhandisi kwa simu, na muhula ulikuwa unakaribia. Dk. Dativa, aliyekabidhiwa maandalizi hayo, alikuwa amesomea ualimu, si uhandisi. Hakuwa mkali, ila alikuwa amechoka.

"Jumatatu niletee somo linalosikilizika. Ukishindwa, nampa mwenzako Erasmo, wewe urudi maabara ukapime zege. Sikukomoi, mdogo wangu."

Jamani, iliuma. Miaka chungu nzima Nassibu alikuwa anapima zege huku akiomba darasa, hata moja tu.

Akaenda kwao. Mama yake, Bi Umi, alikuwa uani anabangua korosho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?"

Nassibu akaiegemeza simu kwenye kinu, akaanza kurekodi.

"Mama, chukua mti, uulaze juu ya kuta mbili."

"Enhe."

"Katikati weka gunia la korosho."

"Limejaa?"

"Pomoni."

"Basi mti si utapinda, baba!"

"Ndiyo. Ukipinda, upande wa juu unabanwa, wa chini unavutika."

"Alaa!"

Basi hapo maneno yakamtoka yenyewe, mikono nayo ikicheza, kamera kaisahau kabisa.

Jumatatu, Dk. Dativa alisikiliza somo hilo ofisini kwake, uso ameukunja.

"Sauti ya nani hii?"

"Ya mama yangu."

"Na jogoo?"

"Wa jirani."

"Hapana, Nassibu. Hili ni somo la chuo. Mama lazima tumfute."

"Ukimfuta mama, nifute na mimi. Peke yangu siwezi, Daktari. Si umeniona? Nimejaribu."

Simu ikaendelea.

"Sasa tuongeze gunia la pili," ilisema sauti ya Nassibu. "Mti utaanza kupasukia wapi? Juu au chini?"

Kimya. Hapo Bi Umi alikuwa amekimbilia jikoni kuepua chungu, na mwanawe akawa anamsubiri arudi. Kikasikika kishindo cha mfuniko, kisha kimya tena. Dk. Dativa akavuta kiti, akaiinamia simu.

"Sasa mbona kanyamaza?" akaiuliza. "Si aseme! Chini, eti? Chini?"

Nassibu, aliyekaa mbele yake, akafumbua mdomo, kisha akaufumba, akaiachia simu ijibu.