Nafasi ya Kumi na Saba

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na mchapaji mwenyewe hakatai. Ukimuuliza leo, atakiri kabla hujafika mwisho wa swali. Alikuwa amesimama katikati ya karakana yake, karatasi mbili mkononi, akimfariji mkewe kwa sauti ya upole ambayo hata mashine zake zilikuwa hazijawahi kuisikia.

"Wa themanini na nne si mbaya, Mama Pacha. Dunia nzima ile."

Wote wawili walikuwa wamefanya mtihani wa kuingilia chuo cha biashara, ule unaofanywa dunia nzima. Walikuwa wamekubaliana mapema: atakayefanya vizuri zaidi ataenda kusoma mwaka mzima, atakayebaki atashika karakana na kulea mapacha. Matokeo yalipokuja kwenye kompyuta, mchapaji aliyachapa, akayasoma kama alivyozoea. Miaka kumi na minne alikuwa akichapa ripoti za shule, maelfu kwa maelfu, na alijua kwamba katika kila ripoti jicho la mzazi hukimbilia kisanduku kimoja tu: nafasi. Jicho lake nalo likakimbilia huko. Yeye kumi na saba. Mkewe themanini na nne. Safu yenyewe ilikuwa na kichwa kirefu cha maneno, hakukimaliza.

"Na hii mia sita hamsini na tano hapa juu?" mkewe aliuliza.

"Namba ya mtahiniwa."

"Mbona yako ni mia nne sabini na tano?"

"Nilijiandikisha kabla yako."

"Hesabu nilidhani zimenikubali," Mama Pacha alisema, kisha akakusanya vitabu vyake na kumwekea mumewe upande wake wa kitanda. Hakulia. Mwisho wa kupeleka maombi ulikuwa Ijumaa, na ni yeye aliyemwandikia mumewe barua, maana mwandiko wa mchapaji ni wa kuku aliyekanyaga wino.

Jumatano, mkewe akiwa ametoka kumpelekea mteja kadi zake, aliingia mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mama wa makamo asiye na papara, kuchukua ripoti za wanafunzi wake. Mchapaji hakuweza kujizuia. Akazitandaza zile karatasi mbili juu ya kaunta. Mwalimu alisoma, akavua miwani, akaisafisha kwa pindo la blauzi, akasoma tena.

"Fundi, hii si nafasi. Hawa ni watu uliowashinda. Katika kila mia waliofanya mtihani, wewe umewaacha nyuma kumi na saba."

"Na themanini na nne?"

"Huyo kawaacha themanini na nne. Na hizi za juu ndizo alama zenyewe. Zinaanzia mia mbili. Hata anayelala fofofo mpaka muda uishe, mia mbili zake anazo." Akagonga karatasi ya pili kwa kidole. "Huyu ni nani?"

"Mtu wa hapa hapa."

"Mwambie asikose kwenda."

Mwalimu alipoondoka, mchapaji aliketi juu ya rundo la karatasi. Angeweza kunyamaza. Siku mbili tu, na barua ilikwisha kuandikwa. Kumi na saba haikumuuma sana. Alama mbaya mtu huzimeza kama dawa chungu, akanywa maji, maisha yakaendelea. Kilichomkaa kooni ni ile sauti yake ya upole. Mkewe alipopata kazi ya kuchapa kalenda za hospitali nzima, yeye alimwambia karatasi zimepanda bei. Alipofaulu masomo ya jioni, alimuuliza chakula kiko wapi. Upole ule wote alikuwa nao miaka yote, umekunjwa vizuri mahali fulani ndani yake, na ameutoa siku moja tu: siku aliyodhani amemzidi.

Mama Pacha alirudi, na hata mkoba hajautua, mumewe akamweleza yote, pamoja na habari ya wanaolala. Mkewe akaomba karatasi. Akasoma kile kichwa kirefu cha safu mpaka mwisho, midomo ikicheza, kisha akarudia. Hakucheka. Mchapaji angefurahi kama angecheka.

"Kwa hiyo ile barua ibadilishwe jina," alisema.

"Ibadilishwe." Halafu hofu ikamshika. "Ila tufikirie, mama. Mwaka mzima si mchezo. Na mtihani wenyewe watu hurudia, huenda mwakani na mimi..."

"Utarudia nikisharudi."

"Na mashine ya kukatia? Anayeijua ni wewe. Ikinigomea niko peke yangu, nitafanyaje?"

Mama Pacha alivuta kiti, akaketi, akafungua kalamu.

"Baba Pacha, umeshinda watu kumi na saba. Ile ni mashine moja."