Mti Ulioitwa Kuni

Nanjala alifikicha majani ya saipresi kati ya vidole, akayanusa, akatikisa kichwa. Huo ulikuwa mti wa tano. Alikuwa amefua tangu asubuhi katika nyumba moja ya Lavington, na ilimbidi anuse sana ili aipite harufu ya sabuni iliyomganda mikononi.

"Mami, unanunua mti ama pafyumu?" aliuliza mzee Ephantus, aliyeegemeza miti yake ukutani kando ya Waiyaki Way, karibu na Mountain View.

"Huu ulikatwa juzi, mzee. Umeanza kunukia vumbi."

"Eh! Kwani wewe ni wa wapi?"

"Butere. Kwetu hii ndiyo fensi."

"Basi usiseme fensi kwa sauti. Hapa ni mti wa Krismasi. Wateja wakisikia fensi, watataka bei ya fensi."

Nanjala alicheka. Kila Desemba yeye na mumewe Jackton walifika Butere wamechoka na safari, na kabla ya kumwona mtu yeyote, harufu ya ua wa saipresi iliwapokea gizani. Mwaka huu Jackton, soja wa kulinda geti moja la Lavington, alikuwa amenyimwa likizo. Zamu yake ingeisha asubuhi ya Krismasi. Nanjala alitaka akifungua mlango wa chumba chao Kangemi, akutane na harufu hiyo hiyo.

Simu ikalia. Ni Jackton, kwa video, akinong'ona ndani ya kibanda chake cha zamu.

"Umepata?"

Nanjala aliuelekezea simu mti wa sita. Ulikuwa umekatwa asubuhi hiyo. Utomvu ulimshika vidole.

"Zungusha nione. Aa, nyuma iko na kipara."

"Kama mtu fulani."

"Nanjala! Niko kazini, usinichekeshe. Chukua huo. Kipara tutaangalisha kwa ukuta."

Alikuwa amekwisha kulipa, na mti ameukumbatia, mzee Ephantus alipopiga kelele, "Wamekuja!"

Lori la kaunti lilipanda ukingo wa barabara. Askari wawili wakaanza kuirusha miti ndani, kilele kikivunjikia juu ya kilele. Wa tatu alimjia Nanjala.

"Kibali cha kubeba mti mbichi?"

"Afande, nimenunua tu. Napeleka kwa nyumba."

"Nimeuliza kibali."

"Hiyo ni kuni, afande," mzee Ephantus alidakia. "Huyu mama amenunua kuni."

Askari aliutazama mti kutoka shinani hadi kileleni.

"Kuni haihitaji kibali," alisema taratibu. "Lakini kuni hukatwa." Akaliokota panga la mzee, akampa Nanjala. "Kata. Ama iende kwa lori."

Nanjala alimtazama usoni akitafuta mzaha. Haukuwepo. Aliulaza mti chini, akapiga. Harufu ilifumuka kali, kama mtu amefungua mlango. Akakata tena, na tena, hadi kikabaki kilele, urefu wa mkono.

"Hiyo pia."

"Hapana, afande."

"Unasema?"

"Hii ni ya kuwashia." Alikikumbatia kilele kifuani. "Ama wewe, afande, huwasha moto na magogo?"

Mwanamke aliyeuza mahindi jirani alicheka kwa nguvu. Askari akatema mate pembeni, akaenda kuhesabu miti ya mzee Ephantus ndani ya lori.

Simu ikalia tena.

"Umefika nayo nyumbani?" Jackton alinong'ona.

"Niko njiani."

"Hapa wenye nyumba wameletewa miti yao sasa hivi. Miwili, kwa pikapu. Mirefu, wacha! Nimewafungulia geti mwenyewe."

Nanjala alitazama vipande miguuni pake.

"Walikuwa na kibali?"

"Kibali cha nini?"

"Si kitu. Fanya kazi, Jack. Utaiona ukikuja."

Alivifunga vipande kwa kamba ya katani aliyopewa na mzee. Kisha akakichomeka kilele katikati ya mzigo, kikasimama wima. Mzee Ephantus, ambaye sasa hakuwa na mti hata mmoja, alimsaidia kujitwika.

Lori lilikuwa bado limesimama mbele. Angeweza kuvuka barabara alikwepe. Alipita kandokando yake, pole pole, mti wake mdogo ukiyumba juu ya kichwa, na hakugeuza shingo.