Chumba Nyuma ya Darasa la Pili

Nyumba yenyewe waliiona Jumapili, na hapo ndipo kosa lilipoanzia. Lakini wangeiona siku gani nyingine? Mama Kijino alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku, na siku nyingine zote mchana wake ulikuwa kitandani, pazia limefungwa na simu imezimwa. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa kuitwa huku na kule tangu asubuhi mpaka giza linaingia. Jumapili ndiyo ilikuwa siku yao ya kuonana kwenye mwanga wa jua. Kwa hiyo nyumba zote walizozikagua, nzuri na za kutia aibu, walizikagua Jumapili.

Dalali hakuwadanganya. Hili lazima lisemwe, maana baadaye alilaaniwa sana na hakustahili. Aliwasimamisha dirishani kwenye chumba kikubwa cha kulala, akawaonyesha jinsi uzio wa shule ulivyokaribia ukuta wa nyumba kiasi cha kupitisha baiskeli tu katikati, akasema, "Shule hiyo hapo. Mtoto akipiga chafya darasani, mama yake anamsikia." Wakacheka wote watatu. Mtaa ulikuwa umetulia kama maji mtungini. Ng'ambo ya uzio kulikuwa na baraza refu lenye kivuli, limefagiwa, tupu, na muuguzi alilitazama akaona ni mahali pazuri pa watoto kukaa. Hakujiuliza wanakaa kufanya nini.

Walichokuwa wakikitafuta ni shule. Shule ile ilipokea kwanza watoto wa mtaa wake, na wa nje walisubiri mpaka wakate tamaa. Kijino, binti yao wa pekee, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya jino la mbele lililokataa kuota kwa wakati, alikuwa anasoma mbali. Alfajiri anavalishwa sare macho yamefumbwa, na darasani analala juu ya dawati. Mwalimu wa kule akasema mtoto ni mzito wa kuelewa. Neno hilo lilimkata maini mama yake. Yeye alijua vizuri jinsi mtu mzito wa kuelewa na mtu mwenye usingizi wanavyofanana, kwa kuwa kila akitoka zamu alikuwa hivyo hivyo mwenyewe.

Basi wakanunua. Marupurupu ya zamu ya usiku ndiyo yaliyofanya benki ikubali kuwakopesha, na mtu wa benki alisema wazi kwamba zamu ikibadilika, mazungumzo nayo yatabadilika. Mama Kijino akatia saini huku akitabasamu. Walihamia wakati wa likizo, akalala usingizi wa pono kila mchana. Akawa anamwambia kila mtu kazini kwamba amepata nyumba ambayo hata nzi wake wanaruka kwa adabu.

Kisha shule ikafunguliwa.

Alikuwa ametoka kazini, ameoga, amekunywa chai, amejilaza. Kwanza ikaja filimbi. Ikafuata ngoma ya gwaride. Kipaza sauti nacho kikakoroma, kikakohoa, na sauti ya mwanamke ikauliza ni nani aliyeacha bomba wazi. Haya yote yalipita, naye akaugeuza mto. Ndipo darasa la pili likatolewa nje, likakalishwa barazani. Chumba chao kilikuwa kidogo na watoto walikuwa wengi, kwa hiyo kila asubuhi mwalimu wao aliwaketisha pale kwenye kivuli, mkabala na dirisha lake, wakasoma kwa pamoja kwa pumzi zao zote. "Mbili mara moja, mbili! Mbili mara mbili, nne!"

Siku ya kwanza alicheka. Iliyofuata aliziba masikio kwa pamba ya hospitali. Baada ya hapo hakucheka tena. Walijaribu kuhamishia kitanda sebuleni, lakini sebule ilikuwa upande wa geti, na getini kulikuwa na kengele. Baba Kijino, ambaye kila tatizo aliliona kama jokofu bovu, alipigilia godoro kuukuu dirishani, akaligongagonga na kusema, "Hapo hata radi haipiti." Chumba kikawa giza na joto la tanuri, na sauti zikaingia vilevile. Darasa la pili lilikuwa linakwama kila siku kwenye saba mara nane. Hapo mwalimu aliwarudisha mwanzo, na muuguzi, kati ya kulala na kuamka, alijikuta akipaza sauti, "Hamsini na sita!" ili tu yaishe.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikaa mitaa ya chini na hakuwa mtu wa kuficha furaha yake. Alikuja kuitazama nyumba siku ya shule, akasikiliza, akashika kiuno.

"Wifi yangu, mmenunua nyumba au mmenunua spika?"

"Cheka tu."

"Sicheki. Nauliza kama ina kitufe cha kuizima." Alipomaliza kujifurahisha akamtazama machoni, akaona yalivyoingia ndani. "Njoo ulale kwangu mchana. Kitanda kipo."

"Nina nyumba yangu," alijibu Mama Kijino. Aliona afadhali afe na usingizi kuliko kwenda kulala kwa mtu aliyemcheka.

La kumchosha zaidi ni kwamba hakuweza hata kukasirika sawasawa. Kijino, aliyeingizwa darasa hilohilo la pili, sasa alikuwa anaamka jua limechomoza, anakula taratibu, anatembea mwenyewe mpaka shuleni akiimba. Akirudi alikuwa na maneno mengi mpaka baba yake akawa anamwomba anyamaze dakika moja ahesabu misumari. Ule uzito wa kuelewa ulitoweka kana kwamba ulisahauliwa kwenye nyumba ya zamani. Barazani, katika zile kelele zote, sauti moja iliwatangulia wenzake kidogo, yenye mluzi mwembamba kwenye kila herufi ya "s" kwa sababu ya lile pengo. Mama yake aliisikia kupitia ukuta, godoro na pamba. Kuna asubuhi alilia, na hakujua kama analia kwa furaha au kwa uchovu, na alikuwa amechoka mno kuchunguza.

Ndipo usiku mmoja wodini akamwendea mzee wa kitanda cha mlangoni na sindano mkononi, akamfunua mkono. Mzee akamwangalia.

"Sista, nimeshachomwa. Umenichoma wewe mwenyewe sasa hivi."

Dawa iliyokuwa mkononi mwake ilikuwa ya mgonjwa mwingine kabisa. Akamwomba mzee radhi, akaenda kujifungia chooni. Mpaka hapo alikuwa akijihurumia tu. Sasa alijiogopa. Asubuhi ile hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja shuleni na sare yake.

Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke wa makamo, amevua viatu chini ya meza na anasahihisha daftari huku amejishika kiuno. Alimsikiliza mpaka mwisho. Wala hakumkatiza, na hilo peke yake lilitaka kumliza mgeni.

"Nikiwatoa barazani," alisema, "nitawarundika ndani. Watabanana."

"Najua, mwalimu."

"Na kusoma kwa sauti humo ndani haiwezekani. Darasa la jirani halitamsikia mwalimu wake. Itabidi wasome kimyakimya."

"Najua. Ningekuwa na njia nyingine nisingekuja kukusumbua. Nisipolala, nitaua mtu."

Mwalimu mkuu aliinua macho, akayaona ya mwenzake, akayashusha. "Na mimi sijalala vizuri tangu niingie ofisi hii," alisema. "Sawa. Nitamwambia mwalimu wao atafute maneno ya kuwaambia watoto."

Hivyo ndivyo baraza lilivyorudi kuwa tupu. Filimbi na ngoma zilikuwepo, lakini hizo zilipita mapema, na baada ya hapo Mama Kijino alilala. Alilala hovyo, mdomo wazi, hata hodi mlangoni haikumfikia. Rangi ikamrudia. Kazini mkono wake ukatulia. Aling'oa godoro dirishani akalitupa, na Baba Kijino akajitapa kwa majirani kwamba mke wake alikwenda kuzungumza na shule na shule ikanyamaza.

Mama Kijino hakumuuliza mtoto chochote. Alikuwa na hakika kwamba hakuna cha kuuliza.

Jioni moja, kabla hajaenda zamu, walikuwa jikoni wawili tu. Kijino alikuwa anazitoa karoti kwenye chakula na kuzipanga pembeni mwa sahani. Alikuwa kimya, na kwa mtoto yule ukimya ulikuwa ugonjwa.

"Una nini?"

"Sina kitu." Akapanga karoti nyingine. "Mama, sisi siku hizi hatukai barazani."

"Kumbe?"

"Tumerudishwa ndani. Wanne wanne kwenye dawati. Yule mwenzangu ananipiga kiwiko kila akiandika. Halafu kuna joto. Tunasoma kwa macho tu, na mimi nikisoma kwa macho nasinzia." Alisema neno hilo la mwisho kwa sauti ndogo. "Leo nililala. Mwalimu akaniuliza kama nimeanza uvivu."

Mama yake aliweka kikombe chini.

"Kwa nini mmerudishwa ndani?" aliuliza, ingawa hakukuwa na mtu hapa duniani aliyejua jibu vizuri kuliko yeye.

"Kuna jirani anaumwa sana. Hatakiwi kusikia kelele. Kila asubuhi kabla hatujaanza tunafumba macho tunamwombea apone." Kijino akainua uso, mara akapata wazo, uso ukachangamka. "Mama, wewe si nesi? Nenda ukamtibu! Akipona tutatoka nje."

"Anaumwa nini, mwalimu kawaambia?"

"Hapana. Mwenzangu anasema ni bibi mmoja mzee, kichwa kinamuuma. Wengine wanasema ana roho mbaya tu, hapendi watoto. Mimi nikawaambia si vizuri kumsema mgonjwa."

Mama Kijino angeweza kumeza mate na kubadilisha mazungumzo. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, ya kumwambia amalize chakula. Lakini alikuwa amechoka, na uongo nao unataka nguvu.

"Hapati usingizi," alisema. "Anafanya kazi usiku, na mchana hapati usingizi."

Kijino alimtazama. Alitazama sare iliyoning'inia mlangoni, akatazama mlango wa chumba kikubwa, akarudi kumtazama mama yake. Alikuwa mtoto mwepesi wa kuelewa, kama ilivyokwisha kuonekana.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

Mtoto hakulia wala hakukasirika. Alizitafuna karoti zote zilizokuwa pembeni, moja baada ya nyingine, kana kwamba ndizo zilizomkosea mama. Kisha akasogea karibu na kunong'ona, ingawa hakukuwa na mtu mwingine jikoni.

"Usiogope. Sitamwambia mtu. Wakisema ni bibi, nitasema ndiyo, ni bibi."

Aibu ilimpanda Mama Kijino mpaka masikio yakawaka. Nyumba hii aliinunua ili mwanawe akae darasani macho wazi, kichwa juu kama watoto wengine. Sasa mtoto alikuwa anasinzia tena, na juu ya hilo alikuwa amejitolea kuidanganya shule nzima kwa ajili ya mama yake. Alimkumbatia akaenda kazini, na usiku kucha, akibadilisha dripu na kupima joto, alikuwa akipiga hesabu ambayo haikuwa na jibu zuri. Kuacha zamu ya usiku ni kuikosa nyumba. Kuikosa nyumba ni kuikosa shule. Palibaki mlango mmoja, nao ulikuwa wa wifi.

Alimpigia simu asubuhi akiwa bado kwenye ngazi za hospitali.

"Kile kitanda bado kipo?"

"Kipo," alisema wifi, na safari hii hakucheka. "Anakilalia paka, lakini nitamwambia ajitafutie kwingine. Njoo, wifi yangu."

Kutoka hapo alipita shuleni. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi, viatu mguuni safari hii, akiwatazama watoto wakitoka gwarideni.

"Warudishe barazani," alisema Mama Kijino. "Tafadhali, leo hii hii. Na umwambie mwalimu wao awaambie watoto kwamba jirani amepona."

"Umepona?"

"Jirani amepona," alirudia.

Mwalimu mkuu akaitikia kwa kichwa na kwenda kumwita mwalimu wa darasa la pili.

Nyumbani alichukua mto wake, khanga na mswaki. Alipita chumbani bila kukitazama kitanda, maana angekitazama asingetoka. Alipofunga mlango, watoto walikuwa tayari wamejaa barazani, wanasukumana, wanacheka, mwalimu anapiga makofi kuwatuliza. Njia ya kwenda mitaa ya chini ilipita pale pale kando ya uzio. "Saba mara moja, saba!" wakaanza.

Kijino alikuwa mstari wa mbele. Alimwona mama yake upande wa pili wa waya, akauona na ule mto, akaacha kusoma. Wenzake waliendelea kupiga kelele kumzunguka. Yeye alikaa wima, midomo ikichezacheza bila sauti, ili angalau kelele moja ipungue.

Mama Kijino akasimama. Miguu ilikuwa inamwaka moto, na kichwa kimejaa pamba. Akasogea mpaka kwenye uzio, akaingiza vidole kwenye matundu ya waya.

"Soma," akamwambia.

Mtoto akatikisa kichwa.

"Soma, mama. Silali hapa mimi. Nakwenda kulala kwa shangazi yako."

Kijino alimtazama, hajaamini. Saba mara nne, saba mara tano, wenzake walipita. Mama yake alibaki pale pale, mto kwapani, jua likimchoma kisogoni na macho yakimwasha, mpaka mtoto alipofungua mdomo.