Jaruba la Kiri Ethana

Kosa la Kiri Ethana lilikuwa moja tu, na mtu yeyote wa kijiji chake cha Kirimetiyawa angelifanya: aliamini saa njema. Mnajimu alimwambia Jumatatu, saa tatu kasorobo asubuhi, uso ukiangalia kaskazini, ndiyo saa ya kuloweka mbegu. Akaloweka pishi mbili za mpunga, zote alizobakiwa nazo duniani, kabla hajajua kama atapata mahali pa kuzimwaga. Angengoja nini? Saa njema haimsubiri mtu, ikipita imepita.

Sasa ilikuwa Alhamisi na mbegu zilikuwa zimechipua. Ndani ya gunia, chini ya majani ya mgomba, vimetokeza vijino vyeupe. Mbegu ikifika hapo haina subira. Imwagwe leo, au kesho alfajiri kwa kuchelewa sana. Zaidi ya hapo mizizi inashikana, inavunda, na hapo huna tena mbegu, una uozo.

Bwawa lilikuwa limebaki robo, maana mvua ilikuwa imewakwepa misimu miwili. Mwaka kama huo desturi yao haina mjadala: majaruba ya mpunga ya chini yanaachwa yakauke, na yale ya juu, yaliyo chini kidogo tu ya tuta la bwawa, yanagawanywa kwa kila mwenye haki ya maji. Hata kama si yako. Hata kama ni ya mtu msiyeamkiana. Kila nyumba inapewa kipande, na kipande hicho ndicho chakula chake cha mwaka.

Basi asubuhi hiyo walikusanyika wote juu ya tuta. Herathhami, mkuu wa maji, alisimama na fimbo yake ya kupimia akiita majina, na kila aliyeitwa alishuka kupigilia kigingi chake. Yakaitwa majina thelathini na moja. Kisha akakunja karatasi.

"Kaka Herathhami," Kiri Ethana akasema, "mimi umenisahau."

"Sijakusahau, dada." Hakumtazama. "Sehemu yako ya tuta haikutiwa udongo. Hatua kumi na mbili, hakuna hata kikapu kimoja. Asiyetengeneza tuta hana maji. Sheria si yangu, tumeikuta."

"Mwezi ule mume wangu Siyatu alianguka! Upande wake wote wa kulia ulikufa. Nililala chini ya kitanda cha hospitali siku ishirini na mbili, unajua, ulituletea ndizi!"

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa hakuna udongo, dada."

Ukkurala, mdogo wake mkuu wa maji, akacheka kwa uchungu. Naye alikuwa amekatwa kwenye orodha, ila yeye kwa ulevi. Mwezi wa kazi ya tuta aliumalizia kwenye pombe ya mnazi. "Usimsumbue, shemeji. Huyu kamkata mdogo wake wa tumbo moja, wewe utakuwa nani? Mfalme mnyofu! Hata mama yetu angefufuka angempima kwa fimbo."

Neno mfalme lilimwasha Kiri Ethana. Jana tu, siku ya mwezi mpevu, walikuwa wote hekaluni, wamekaa kwenye mchanga kwa nguo nyeupe, na mtawa akawahubiria zile sifa kumi za mfalme wa haki. Akasema mfalme si lazima awe na taji. Yeyote anayeshika mkononi chakula cha mwenzake, huyo kwa siku hiyo ni mfalme. Na nani alikaa mbele kabisa, viganja kifuani, akiitikia "sadhu, sadhu", vyema, vyema, kupita wote?

"Jana uliitikia nini, kaka?" akapiga kelele mbele za watu. "Hebu tuhesabu! Kutoa. Mwenendo mwema. Kuachilia kilicho chako. Upole! Upole uko wapi hapa? Kutokuwa na hasira, kutodhuru... uvumilivu..." Vidole vikamkwama. "Na nyingine!"

"Unyofu," Herathhami akasema taratibu. "Umeuruka unyofu. Nikikupa wewe kwa machozi, kesho yule atakuja na machozi yake, na msimu ujao hakuna atakayebeba kikapu cha udongo. Tuta likibomoka tunakufa wote. Halafu nikupe nini? Hivi vipande vina wenyewe. Nikitoa cha watu mkaniita mkarimu, huo si ufalme, ni wizi."

Loo! Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililouma. Watu wakatazama miguu yao. Hakuna aliyesema chukua changu. Kila mmoja alikuwa na njaa yake nyumbani. Ukkurala akatema mate, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda zake akiwatukana mmoja mmoja kwa majina.

Kiri Ethana hakwenda. Angekwenda wapi? Kurudi kwa watoto watatu walioshindia majani ya mchicha pori juzi na jana? Alimfuata Herathhami kigingi kwa kigingi, jua likiwapiga wote wawili, akimwomba kwa sauti ambayo mwenyewe aliiona aibu. Alimwomba kwa jina la mama yake. Aliahidi kutia udongo hatua ishirini na nne, hatua hamsini, kwa mikono yake. Alimwambia mbegu zimechipua. Kwenye hilo mzee alisimama kidogo, maana ni mkulima, kisha akaendelea. Adhuhuri ikapita hivyo. Maneno yakamwishia, akabaki kumfuata tu.

Walipofika kigingi cha mwisho Herathhami akasimama. Kilikuwa chake mwenyewe.

"Hiki si cha kijiji," akasema. Akakichomoa, akahesabu hatua kuelekea ndani, akakipigilia upya katikati. "Kipande cha upande wa pale, chako."

"Umerogwa?" Mkewe Ran Menika alikuwa ametoka nyumbani kuleta chakula, akakiangusha mbele yake. "Nusu yetu? Wajukuu watakula ile fimbo?"

"Nyamaza, mama."

"Sinyamazi! Jana sadhu, leo njaa!"

Kiri Ethana hakusikia zaidi. Aliinama akagusa miguu ya Herathhami, akamwinamia na Ran Menika aliyemsukuma kwa mguu, akakimbia. Mwanamke wa miaka arobaini na mbili, nguo kaipandisha magotini, anacheka na kulia kwa pamoja. Jua lilikuwa bado liko juu. Ardhi ilikuwa imelainika tayari, maji yameshafunguliwa. Saa moja tu ya kusawazisha tope, kisha anamwaga, kabla ya giza amemaliza.

Alipokaribia uani akasikia harufu ya uji.

Kwanza alifurahi, ndivyo tumbo lilivyo. Halafu akauona mkeka mpana juani, na juu yake mpunga uliotandazwa, wenye rangi ya kuchemka, vijino vyake vimelegea na kugeuka njano. Gunia lilikuwa limening'inizwa kwenye kamba, tupu.

Siyatu alikaa karibu na jiko, mguu mfu umenyooshwa, mchi katika mkono wake mmoja mzima, jasho limemlowanisha. Miezi mitatu hakuwahi kufanya kazi hata ya kuondoa sufuria motoni. Leo watoto walimzunguka wakilamba vidole.

"Ukkurala alipita," akasema, maneno yakitoka kwa upande mmoja wa mdomo. "Kaniambia wamekukata kama yeye. Nikasema, mbegu si zitaoza? Akanisaidia kuinjika chungu. Nimezichemsha zote. Kutwanga nimetwanga mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Waulize hawa."

"Zote?"

"Zote. Tuna siku kumi za kula."

Hasira ilimpanda kutoka nyayo. Alitaka kupiga mayowe, aupige teke ule mkeka, amwambie umetuua, wewe nusu mtu, umetuua. Akamtazama. Siyatu alikuwa amemchotea bakuli lake la uji, amelifunika kwa jani inzi wasiliguse, naye alikuwa akimngoja alipokee kwa uso ambao Kiri Ethana hakuwa ameuona tangu siku ile mumewe alipoanguka.

Akakaa chini. Akapokea bakuli kwa mikono miwili. Uji ulikuwa na makapi, ukamkwaruza koo.

"Mtamu?"

"Mtamu."

"Na Herathhami? Mwishowe alisemaje?"

Kesho Siyatu angeambiwa ukweli na kijiji kizima, hilo alilijua.

"Alikataa," akasema. "Umefanya vizuri, baba watoto. Ulifanya vizuri kutongoja."

Siyatu akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akauvuta ungo, akaanza kupepeta mpunga mwingine.